Mwongozo Kamili wa Kudarizi Mchoro wa Mnyama Uliopakuliwa kwa Mshono wa Msalaba

Malalamiko ya wanaojaribu kudarizi mnyama kutoka katika mchoro waliopakua hufanana mno. Kitambaa kimekwisha kabla ya kufika masikioni, au jicho moja limepanda juu ya jingine, au manyoya yaliyopaswa kufifia taratibu kutoka kahawia hadi krimu yametoka na mabaka. Anayelalamika huamini kwamba mkono wake hauna ustadi, ilhali mshono wenyewe hujifunzwa kwa muda mfupi sana. Kosa huzaliwa mapema zaidi: katika kusoma faili, katika hesabu ya kitambaa na katika kuweka alama za kuhesabia. Ndiyo maana hatua tano kati ya tisa zilizo hapa chini hukamilika kabla ya msalaba wa kwanza kushonwa, na hizo ndizo ninazomsihi msomaji asiziruke.

Ili hesabu zieleweke, nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: mchoro wa paka aliyeketi, wenye miraba 112 kwa upana na miraba 140 kwa urefu.

## Vifaa vinavyohitajika

- Faili la mchoro, ambalo kwa kawaida ni la PDF, pamoja na nakala yake iliyohifadhiwa mahali pa pili.
- Kitambaa cha Aida namba 14, yaani chenye miraba 14 katika kila inchi. Kwa anayeanza, chagua cheupe au cha rangi ya krimu. Kitambaa cheusi hupendeza sana nyuma ya bundi au chui, lakini matundu yake hayaonekani vizuri, nami simshauri mtu akitumie katika kazi yake ya kwanza.
- Uzi wa pamba wa kudarizi wenye nyuzi sita, kwa namba zilizoandikwa katika mchoro.
- Sindano za ncha butu: namba 24 kwa Aida 14, na namba 26 kwa Aida 16 au 18. Ncha butu hupita katika tundu bila kuchana kitambaa wala kupasua mishono ya jirani.
- Sindano moja yenye ncha kali, kwa ajili ya mishono ya robo itakayoelezwa baadaye.
- Fremu ya mviringo, mkasi mdogo wenye ncha, rula, penseli ya rangi, na uzi wa kupigia bandi au kalamu ambayo wino wake hutoka kwa maji.
- Taa nzuri. Bila mwanga wa kutosha, kahawia tatu zinazokaribiana huwa rangi moja, na hapo ndipo mabaka huanza.

## Hatua ya 1: Soma faili lote kabla ya kununua chochote

Faili kamili huwa na picha ya kazi iliyokamilika, kurasa za mchoro wenye alama, na ufunguo wa alama unaoonyesha kila alama inasimamia uzi wa namba gani. Tafuta mambo manne na uyaandike pembeni: idadi ya miraba kwa upana na kwa urefu, idadi ya nyuzi zitakazotumika katika kila mshono, aina za mishono, na idadi ya rangi.

Aina za mishono zinastahili uangalifu wa pekee. Mchoro unaosema kwamba una misalaba mizima pekee ni rafiki wa anayeanza. Ukiona pia mishono ya robo tatu, mshono wa kurudi nyuma na mafundo ya Kifaransa (vifundo vidogo vya uzi vinavyokaa juu ya kitambaa), kazi bado inawezekana, ila uso wa mnyama utahitaji subira zaidi.

Angalia kama sehemu nyeupe za mnyama zina alama au zimeachwa wazi. Kifua cheupe cha paka kilichoachwa wazi kinategemea weupe wa kitambaa chenyewe, kwa hiyo ukitumia kitambaa cha bluu utapata paka mwenye kifua cha bluu.

Soma vilevile masharti ya mbunifu. Faili nyingi huuzwa au kutolewa kwa matumizi ya mnunuzi mwenyewe, na kumtumia rafiki nakala ni kumnyima mbunifu riziki yake. Kama unataka kuuza kazi iliyokamilika, masharti hayo ndiyo yatakayokuambia iwapo umeruhusiwa.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza, bila kutazama faili, ukubwa wa mchoro kwa miraba na aina zote za mishono iliyomo.

## Hatua ya 2: Chapisha mchoro usomeke

Wengi hudhani kwamba wakikuza karatasi, mnyama naye atakua. Sivyo. Ukubwa wa kazi unaamuliwa na namba ya kitambaa peke yake, na karatasi kazi yake ni kusomeka tu. Kuza mchoro kadiri macho yako yanavyotaka. Ukichapisha bila rangi, hakikisha umechukua toleo lenye alama, kwa sababu toleo la rangi tupu likichapishwa kwa wino mweusi huzaa vivuli vya kijivu visivyotofautika.

Mchoro mkubwa hugawanywa katika kurasa kadhaa, na mara nyingi safu chache za mwisho za ukurasa mmoja hurudiwa mwanzoni mwa ukurasa unaofuata, zikiwa zimetiwa kijivu ili kuonyesha mahali pa kuungia. Safu hizo hazidariziwi mara ya pili. Asiyelijua hili humpa paka shingo ndefu kuliko aliyokusudiwa, na hugundua kosa wakati masikio yanapokataa kuingia katika kitambaa. Zipige mstari wa penseli ya rangi sasa hivi, kabla hujasahau.

Utajua umefaulu ukiunganisha kurasa mezani, mistari minene ya kila miraba kumi ikapita kutoka ukurasa hadi ukurasa bila kukatika.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya kitambaa

Gawanya idadi ya miraba kwa namba ya kitambaa, upate inchi, kisha zidisha kwa 2.54 upate sentimita. Paka wetu kwenye Aida 14 ana upana wa 112 ÷ 14 = inchi 8, yaani sentimita 20.3, na urefu wa 140 ÷ 14 = inchi 10, yaani sentimita 25.4.

Ongeza sentimita 7.5 kila upande, yaani 15 kwa upana na 15 kwa urefu. Hapo kitambaa kinakuwa sentimita 35.3 kwa 40.4, nawe utakata 36 kwa 41. Nafasi hiyo haipotei bure: fremu ya mviringo inahitaji pa kushika, na mwisho wa kazi utahitaji pindo la kukunja nyuma ya ubao.

Paka huyohuyo kwenye Aida 11 angekuwa takriban sentimita 25.9 kwa 32.3, na kwenye Aida 18 angekuwa 15.8 kwa 19.8. Kwa hiyo ukibadilisha namba ya kitambaa rudia hesabu yote, na ubadilishe pia idadi ya nyuzi: tatu kwa Aida 11, mbili kwa 14 na 16, moja au mbili kwa 18. Kitambaa cha kitani cha nyuzi 28 kwa inchi, kikidariziwa kwa kuruka nyuzi mbili mbili, hutoa ukubwa uleule wa Aida 14.

## Hatua ya 4: Nunua na panga uzi

Kifungu cha kawaida cha uzi wa kudarizi kina urefu wa mita 8, na ndani yake nyuzi sita zimelala pamoja. Unapodarizi kwa nyuzi mbili, mita 8 hizo huwa mita 24 za kazi. Ukitoa vipande vinavyopotea mwanzoni na mwishoni mwa kila uzi, kukadiria kifungu kimoja kwa misalaba 1,500 kwenye Aida 14 ni makadirio salama. Rangi ya mwili wa mnyama, ile inayotawala, inunue yote kwa mara moja, kwa sababu uzi wa namba moja uliotiwa rangi katika mafungu tofauti unaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo ikiangukia katikati ya mgongo haifichiki.

Namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Nyeusi ya DMC ni 310, ilhali nyeusi ya Anchor ni 403. Ukilazimika kubadilisha kampuni, tumia jedwali la ulinganisho na ubadilishe ukoo mzima wa rangi, si moja pekee. Kahawia tano za paka zilichaguliwa ili zipokezane kutoka kivulini hadi mwangani, na mgeni mmoja katikati yao huvunja mpangilio huo.

Usiamini rangi unayoiona kwenye skrini. Fuata namba.

Panga nyuzi kwenye kadi yenye matundu, kila tundu likiandikwa namba ya uzi na alama yake kutoka katika ufunguo. Fanya hivyo mchana.

Utajua umefaulu ukiweza kuonyesha uzi wa alama yoyote bila kusoma lebo ya kifungu.

## Hatua ya 5: Andaa kitambaa na uweke gridi

Zuia kingo zisifumuke kwa kupitisha mashine ya ovaloki au kwa mshono wa mkono kuzunguka pande zote. Usitumie utepe wa gundi, maana gundi hubaki kwenye pamba na huwa ya manjano kadiri muda unavyopita.

Kunja kitambaa mara mbili, upana kisha urefu, uweke alama mahali mikunjo inapokutana. Hapo ndipo katikati ya kitambaa. Katikati ya mchoro huonyeshwa na mishale midogo pembezoni mwa karatasi.

Sasa inakuja kazi ambayo wengi huiruka: kupiga bandi za mistari kila baada ya miraba kumi, ili gridi ya kitambaa ilingane na mistari minene ya karatasi. Zingatia kwamba katikati ya mchoro si lazima iwe juu ya mstari mnene. Kwa paka wetu, nusu ya 140 ni 70, kwa hiyo mstari wa katikati wa kulala unaangukia sawasawa juu ya mstari mnene. Nusu ya 112 ni 56, kwa hiyo mstari mnene wa 50 uko miraba sita kushoto mwa katikati, na wa 60 uko miraba minne kulia kwake. Ukianza kuhesabu kumi kumi kutoka katikati bila kuliangalia hili, gridi nzima ya wima itakuwa ya uongo.

Bandi nzuri ni ya uzi laini wa nailoni, kwa sababu sindano haiwezi kuuchoma kwa bahati mbaya na huvutika kwa urahisi mwishoni. Kalamu ya wino wa maji ni ya haraka zaidi, lakini ina masharti mawili: ijaribiwe kwanza pembeni mwa kitambaa, na wino uoshwe kabla ya pasi kugusa kitambaa, kwani joto laweza kuufanya ubaki milele.

Wapo wanaoiona gridi kuwa adhabu. Nawaachia uamuzi wao, mradi wasimlaumu mbunifu jicho linapohama. Gridi hugeuza hesabu ya kufika 112 kuwa hesabu ya kufika kumi, na kosa lolote hunaswa ndani ya kumi hiyohiyo.

Utajua umefaulu ukihesabu miraba kati ya bandi mbili zozote na kupata kumi kila mara.

## Hatua ya 6: Anza kudarizi

Usianze na jicho. Anza karibu na katikati, mahali penye rangi moja pana, ili mkono uzoee kabla ya kufika sehemu ngumu.

Kwa mshono wa nyuzi mbili, njia safi ya kuanza haina fundo. Kata unyuzi mmoja wenye urefu wa sentimita 90, uukunje katikati, upitishe ncha zote mbili katika tundu la sindano. Ibua sindano kutoka nyuma huku ukiacha kitanzi kidogo, izamishe kwa mshazari, kisha nyuma ya kitambaa ipitishe ndani ya kitanzi na uvute taratibu. Uzi umeshikwa bila uvimbe. Njia hii hufaa pale tu idadi ya nyuzi ni shufwa. Kwa unyuzi mmoja au nyuzi tatu, acha mkia wa sentimita 3 nyuma na uukalie kwa mishono mitano ya kwanza.

Kila msalaba una mistari miwili ya mshazari. Chagua mwelekeo mmoja, kwa mfano wa chini uende kulia na wa juu uende kushoto, na usiubadilishe hadi mwisho wa kazi. Sababu yake ni mwanga: uzi wa pamba hung'aa kufuata mlalo wake, kwa hiyo misalaba iliyogeuzwa huonekana kama doa hata kama rangi ni ileile. Katika safu ndefu, darizi mistari yote ya chini kwanza, kisha urudi ukiifunika. Mishono ya rangi moja moja iliyotawanyika, ambayo michoro ya manyoya huwa nayo kwa wingi, ikamilishe mmoja mmoja.

Vuta uzi mpaka ulale juu ya kitambaa, usiuvute mpaka tundu lipanuke. Ukiona unajisokota, achia sindano ining'inie na izunguke yenyewe. Usirukishe uzi nyuma kwa zaidi ya miraba mitatu au minne, na usipitishe uzi mweusi nyuma ya sehemu iliyo wazi, kwa sababu utaonekana mbele kama kivuli.

Kila kisanduku cha miraba kumi kwa kumi kinapokamilika, kipake penseli ya rangi kwenye karatasi na uthibitishe kwamba mshono wa mwisho umeigusa bandi. Usipoigusa, fumua sasa. Kosa la mraba mmoja mgongoni linaweza kusamehewa, lakini likiachwa lisafiri hadi usoni haliponyeki. Unapopumzika kwa usiku mzima, toa fremu ili isiache duara la uchafu.

Utajua umefaulu ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga na kuona misalaba yote iking'aa upande mmoja.

## Hatua ya 7: Uso na manyoya

Mtazamaji husamehe mkia, lakini hasamehe macho. Katika mchoro wa ukubwa huu jicho zima linaweza kuwa na miraba isiyozidi thelathini, na nuru ya jicho inaweza kuwa msalaba mmoja mweupe. Msalaba huo ukihama mraba mmoja katika jicho moja, paka anakuwa na makengeza. Kwa hiyo kabla ya kudarizi jicho la pili, hesabu umbali kutoka ukingo wa jicho la kwanza mara mbili: mara moja kutoka kushoto, mara ya pili kutoka kwenye bandi iliyo upande wa pili. Majibu yakipishana, usishone.

Fuata utaratibu huu: mboni nyeusi kwanza, kisha rangi ya jicho, na nuru nyeupe mwisho. Unapofika kwenye nyeupe, ibua sindano katika tundu tupu na uizamishe katika tundu ambalo tayari lina uzi mweusi. Ukifanya kinyume, sindano huibuka na vumbi la pamba nyeusi, na nyeupe yako huwa ya kijivu. Kama rangi zimelizunguka tundu pande zote, badilisha sindano na uvute polepole.

Mishono ya robo tatu hutumika kulainisha ncha za masikio na mzunguko wa pua. Kwanza tengeneza robo: ibua sindano kwenye kona, uizamishe katikati ya mraba, mahali ambapo Aida haina tundu. Hapo ndipo sindano yenye ncha kali inapofanya kazi yake. Kisha pitisha mshazari mzima juu yake. Ukijaribu kwa sindano butu utasukuma kitambaa na robo itahama.

Kwa manyoya, njia inayookoa muda ni kuwa na sindano kadhaa, kila moja na rangi yake, na kukamilisha kisanduku kimoja kabla ya kwenda kingine. Rangi inayosubiri iegeshe kwa kuibua sindano katika mraba wake unaofuata. Jilinde na alama zinazofanana, kwa mfano duara tupu na duara lenye nukta: zipake penseli za rangi tofauti katika karatasi nzima kabla ya kuanza sehemu hiyo.

Usihukumu manyoya ukiyatazama kwa umbali wa sentimita thelathini. Kwa umbali huo hata kazi sahihi huonekana kama nukta zisizo na maana. Simamisha kitambaa ukutani, rudi nyuma mita mbili.

Utajua umefaulu macho yote mawili yakikutazama mahali pamoja kutoka umbali huo, na mabadiliko ya rangi shavuni yasionyeshe mstari wa kukata.

## Hatua ya 8: Mistari na sharubu

Mshono wa kurudi nyuma huja baada ya misalaba yote ya eneo husika kukamilika, kwa kawaida kwa unyuzi mmoja. Ibua sindano hatua moja mbele, rudi nyuma kuizamisha mwisho wa mshono uliotangulia, endelea hivyo. Fuata mstari wa mchoro kwa matundu yaleyale, wala usiufupishe kwa kuruka miraba mingi, kwani mkunjo wa mdomo ndio unaotofautisha paka mtulivu na paka mwenye hasira.

Sharubu mara nyingi huchorwa kama mistari mirefu. Kwa kazi itakayowekwa nyuma ya kioo, mshono mmoja mrefu ulionyooka hupendeza zaidi. Kwa mto au mfuko utakaoguswa kila siku, zigawe katika mishono mifupi, la sivyo zitanaswa na kuvutika.

## Hatua ya 9: Osha, piga pasi na uweke kwenye fremu

Toa bandi kwanza. Loweka kazi katika maji baridi yenye sabuni laini kidogo, ukiizungusha kwa mkono bila kusugua. Ukiona rangi inatoka, hasa nyekundu, endelea kusuuza kwa maji baridi mapya mpaka yawe meupe, na usiache kazi ikauke kabla ya hapo, kwa sababu doa likikauka hushika. Usikamue. Ilaze juu ya taulo, ikunje pamoja nayo kama mkeka, ubonyeze maji yatoke.

Piga pasi kazi ikiwa bado na unyevu, uso ukiwa umelala juu ya taulo nene. Taulo huipa misalaba mahali pa kuzama, hivyo haibonyezwi ikawa bapa.

Kwa fremu, tandaza kazi juu ya ubao usio na asidi, ulinganishe safu za miraba na ukingo wa ubao, kisha kunja pindo nyuma na ulifunge kwa uzi imara unaokwenda huku na huku, ukianzia katikati kuelekea pembe. Kagua mbele kila baada ya mivuto michache, kwa maana paka anayevutwa upande mmoja huinama. Ukitumia kioo, weka kipande cha kadi pembeni kitakachokizuia kisiguse mishono, ili unyevu usinaswe kati ya kioo na uzi.